Somo la Maarifa ya Jamii na Makaburi ya Igoma

Katika masomo yafundishwayo katika shule za msingi za serikali, ni machache yaliyogeuzwa jina mara nyingi kama somo la maarifa ya jamii. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, watoto walisoma Siasa. Nchi iliporudi katika vyama vingi mwaka 1992, Siasa ikapisha Uraia. Historia, Jiografia na Uraia mara zikaunganishwa chini ya jina moja la Maarifa ya Jamii, mara zikatengwa tena. Katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 twaona Historia ya Tanzania na Maadili, na kando yake Jiografia na Mazingira. Sina ugomvi na majina hayo. Lakini aingiaye darasani aona kwamba kibao cha mlangoni kimebadilishwa, na nyumba ndani ni ile ile. Nia ya makala hii ni kuonyesha kosa moja tu, nalo ni hili: somo hili laanzia mbali, na mara nyingi halirudi nyumbani.

Nimechagua Igoma kuwa mfano, si kwa sababu shule za huko ni mbaya kuliko nyingine, bali kwa sababu mahali penyewe pana jambo la kufundisha. Igoma ni kata ya wilaya ya Nyamagana, upande wa mashariki wa jiji la Mwanza, katika barabara kuu iendayo Musoma. Hapo ndipo walipozikwa wengi wa watu waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyopinduka na kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilitoka Bukoba ikapitia Kemondo, nayo ilikuwa na nafasi ya watu 430. Waliokufa wakadiriwa kupita 800. Siku hiyo ya Mei ifikapo, jamaa za marehemu na viongozi wa dini hukusanyika makaburini kuwaombea.

Siku moja nilipata ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa katika shule moja ya upande ule, ambayo sitaitaja jina. Somo lilikuwa juu ya ziwa. Mwalimu aliuliza, "Nani aligundua Ziwa Victoria?" Darasa zima likaitika, "John Speke!" "Mwaka gani?" "Elfu moja mia nane hamsini na nane!" Mwalimu akayaandika majibu ubaoni, watoto wakayanakili, na kengele ikalia. Nilipokuwa nikitoka, mtoto mmoja wa kike alinisogelea akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia, kisha nikamwuliza kama ayajua makaburi ya Igoma. Akasema, "Ndiyo, ni ya watu wa meli." Nikamwuliza, "Kwa nini meli ile ilizama?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Hiyo hatujafundishwa."

Simlaumu mtoto yule, wala simlaumu mwalimu wake, maana alifundisha alichopewa kukifundisha. Lakini jibu lile lanifuata hata leo. Mtoto apita karibu na makaburi ya mamia ya watu, ajua kwamba ni ya watu wa meli, na shule iliyopewa kazi ya kumfundisha maarifa ya jamii haijamwambia neno juu yao.

Na tulitazame jina lenyewe, kwa kuwa lugha mara nyingi huwa na akili kuliko waitumiao. Neno jamii lina asili ya Kiarabu, katika shina moja na jamaa, jumuiya na Ijumaa. Maana yake yote ni kukusanyika. Maarifa kadhalika, ni ndugu wa arifu, taarifa na maarufu, nayo maana yake ni kujua kwa kutambua, kama mtu amtambuavyo mwenzake. Basi maarifa ya jamii, tukiyapima maneno yake, ni kuwatambua wale tuliokusanyika nao. Haiwezekani kumtambua mtu kwa kukariri jina lake tu. Hatuna budi kujua atoka wapi, afanya nini, na sisi tuna deni gani kwake.

Sasa tulitazame neno la pili, lile la ubaoni. Gundua, katika matumizi yake ya zamani, ni kumjia mtu au mnyama kwa ghafula, naye hana habari. Twauliza, katika mwaka ule wa 1858 ni nani aliyejiwa bila habari? Si watu wa Mwanza, waliokuwa wakivua na kunywesha ng'ombe wao katika maji yale tangu enzi za babu zao, nao waliyaita Nyanza. Wala si wafanyi biashara Waarabu wa Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Hao ndio waliomwambia Speke na mwenzake Burton kwamba kaskazini liko ziwa kubwa. Speke alifika Mwanza mwanzoni mwa Agosti kwa kufuata habari alizopewa, pamoja na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, akalipa ziwa jina la malkia wake, akarudi Kazeh. Hayo ni kweli, na yastahili kufundishwa. Lakini mtoto akariripo neno gundua peke yake, ajifunza jambo jingine ambalo mwalimu hakulikusudia: kwamba kitu kilichojulikana na watu wake hakijajulikana, mpaka mgeni akiandike. Mtoto aliyefundishwa hivyo juu ya ziwa atayaonaje makaburi, ambayo hayamo kitabuni? Atayaona kuwa si elimu.

Wazee wetu hawakufundisha kwa njia hiyo. Kwa Wasukuma palikuwa na shikome, yaani moto wa jioni uani, ambapo wanaume na vijana walikaa pamoja, na wazee wakawaeleza vijana habari za ukoo, za ng'ombe, za mvua na za adabu. Sisemi kwamba mafundisho yale yalikuwa kamili. Moto ule ulikuwa wa wanaume. Wasichana walifundishwa na mama na bibi zao. Tena dunia ya shikome ilikuwa ndogo, nayo ya leo ni kubwa. Lakini utaratibu wake ulikuwa mwema: mzee alianza na kilicho mbele ya macho, kisha akaenda mbali. Shule imeigeuza njia, nayo mara nyingi huishia katikati.

Tuseme basi mwalimu wa Igoma aanza na makaburi. Jiografia yake iko pale: Bukoba iko upande gani wa ziwa, na kwa nini mtu wa Kagera alipenda kuja Mwanza kwa maji kuliko kwa nchi kavu? Ziwa lenyewe ni la nani, nalo lagawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya? Historia yake iko pale: reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo bandari ikawa mlango wa nchi zote za kandokando ya ziwa, abiria wa meli na abiria wa gari la moshi walikutana hapo. Uraia wake uko pale: tiketi ni nini, na ni ahadi ya nani kwa nani? Nani ana kazi ya kuhesabu watu kabla meli haijaondoka? Chombo chenye nafasi ya watu 430 kilipopakia kupita kiasi, ni wangapi walioona wakanyamaza? Na maadili yako katika swali hilo la mwisho, wala hayahitaji kitabu cha peke yake.

Jambo hili si la kupamba somo. Tarehe 20 Septemba 2018, miaka 22 baada ya MV Bukoba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho pia kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Wakafa watu zaidi ya 200. Sisemi kwamba kipindi kimoja cha darasani kingalikizuia kifo kile. Kazi ya kuzuia ni ya wenye mamlaka ya vyombo. Lakini mtu mzima aliyesimama gatini mwaka ule, akaona chombo kimejaa akapanda, huenda alikuwa mtoto wa shule mwaka 1996 au baadaye. Je, alifundishwa kwamba abiria ana haki ya kukataa? Au alifundishwa mwaka wa Speke tu?

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni la mtihani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi kwa miaka mingi umeegemea sana maswali ya kuchagua herufi, na mwalimu hupimwa kwa herufi hizo. Hoja hii ni ya kweli, nami siwezi kuiondoa. La pili ni la wingi wa watoto. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, nayo vitabu havitoshi. Hili nalo ni kweli, lakini nasema ladai kinyume cha lidhaniwavyo: mahali vitabu vilipo haba, ndipo hasa inapofaa kutumia kisichohitaji kununuliwa.

La tatu ni zito kuliko yote. Husemwa kwamba tukianza na habari za mahali, tutafufua ukabila, kwani Tanzania ilijengwa kwa kuwafundisha watoto wa kila mahali mambo yale yale. Mimi naiheshimu hoja hii, na yeyote ajuaye habari za nchi jirani hataidharau. Lakini tazameni nani wamelala Igoma. Wengi walitoka Kagera, ng'ambo ya ziwa; wengine hawakutambuliwa hata jina. Wamezikwa katika ardhi ya Usukuma, mbali na migomba ya kwao, na wenyeji waliwalilia pamoja na wafiwa. Mtoto akifundishwa jambo hilo hatajifunza ukabila. Atajifunza kwamba jamii si ukoo, na ya kuwa taifa halimo katika ramani na bendera peke yake. Somo la mahali, likifundishwa vema, ndilo limfikishalo mtoto kwenye taifa kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa mwalimu atakaye kujaribu, nina maneno machache. Asiwapeleke watoto makaburini kama watu waendao kutazama ngoma. Desturi ya msiba ishikwe, wazee wa mtaa waulizwe kwanza, na watoto waambiwe kuweka kimya. Katika darasa huenda yumo ambaye babu yake amelala pale. Huyo asilazimishwe kusema. Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, si mbali, kwa njia ile ile ya Musoma. Kwa habari za maisha ya visiwani, Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili. Mwalimu aweza kukisoma kwa faida yake kwanza, ndipo awasimulie watoto.

Na wasomaji wetu mapadri, wachungaji na makatekista, ambao shule hizi si zao tena tangu serikali ilipozitwaa, wasidhani hawana sehemu. Wao ndio husimama makaburini kila tarehe 21 Mei. Wakimwalika mwalimu wa shule ya jirani aje na darasa moja tu, mtoto atakayeulizwa mwakani kwa nini meli ilizama hatajibu tena kwamba hajafundishwa.