Mpanga Tenga

Ukitoka Iringa mjini kwenda Dar es Salaam, kabla hujaanza kuteremka Kitonga, unapita Ilula. Msimu ukichanganya, kando ya lami hapo husimama matenga ya mbao yaliyojaa nyanya, yakisubiri Fuso. Abiria hununua ndoo moja kupitia dirishani, basi linaondoka. Mimi macho yangu huenda kwa mtu mmoja ambaye hatazamwi sana: yule aliyeinama juu ya tenga tupu, mikono ikienda na kurudi kwenye rundo, analijaza tunda kwa tunda. Namheshimu sana mtu huyo. Nyanya aliyoiumiza yeye haiponywi tena na friji, barabara nzuri wala dalali mwaminifu.

Kazi yake huanzia kwa mvunaji, na mara nyingi ni watu walewale. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na hata baada ya kuchumwa inaendelea kupumua. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika kwake huongezeka mara mbili au tatu. Kwa hiyo mvunaji anayeijua kazi huingia shambani asubuhi, umande umekauka lakini jua halijakolea, na kila ndoo inayojaa hupelekwa chini ya mti papo hapo. Rundo lililoachwa juani mpaka saa saba mchana, hata kama bado linang'aa, limeshapoteza siku ambazo lingekaa sokoni.

Tazama kidole gumba chake. Kikonyo cha nyanya kina kifundo kidogo, na mwenye mkono mzoefu hulizungusha tunda kidogo, likaachia. Kikonyo kikibaki kitakauka njiani kiwe kigumu kama msumari, na ndani ya tenga kitamchoma jirani yake. Tundu dogo kiasi hicho linatosha kuingiza ukungu, na tunda moja lililoanza kuvuja hulowanisha yote yaliyo chini yake. Nimeona wachumaji wakizungumza, wakicheka, hata wakigombana, na gumba halikosei.

Kisha huja kuchagua. Tunda la kijani laweza kuwa limekomaa au likawa changa, na kwa nje yanafanana mno. Asiye na uhakika hukata moja. Kisu kikipasua mbegu, tunda ni changa, na hata likija kuwa jekundu halitakuwa na ladha. Likiwa limekomaa, mbegu zinaelea kwenye ute, zinateleza na kukikwepa kisu. Ukishayaona hayo mara kadhaa, unaanza kutambua kwa macho tu: ngozi inakuwa na mng'ao, na kijani kinafifia kuelekea weupe upande wa chini wa tunda. Mpangaji mzuri hana haja ya kisu tena.

Anachokitafuta ni kulinganisha rangi na safari. Iliyoiva kabisa inauzwa hapohapo au Iringa mjini. Iliyoanza tu kubadilika rangi inakwenda Dar. Ile ya kijani iliyokomaa inaweza kuvuka maji mpaka Unguja. Kuzichanganya ni hatari, kwa sababu nyanya inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huziamsha za jirani ziive kabla ya wakati wake. Moja nyekundu iliyojificha katikati ya za kijani inatosha kuharibu hesabu ya mnunuzi. Tangu 2014, alipoingia nchini yule mdudu ambaye wakulima wanamwita kantangaze, mpangaji ameongezewa jukumu jingine: kugeuza tunda na kutazama karibu na kikonyo, maana kiwavi wake hupenda kutobolea hapo na tundu lake ni dogo mno.

Sasa tenga lenyewe. Kabla ya kuweka chochote, hupitisha kiganja ndani ya mbao zote. Kibanzi kilichosimama hukivunja, msumari uliotokeza huugonga. Chini hutandika majani makavu au gazeti. Safu ya kwanza ni ya matunda magumu kuliko yote, kwa sababu ndiyo yatakayobeba uzito. Safu ya pili hukaa kwenye mabonde yaliyoachwa na ya kwanza, kama fundi anavyopanga matofali ili maungio yasikutane, na uzito wa kila tunda unagawanywa kwa matatu au manne yaliyo chini yake. Baada ya kila safu mbili tatu anashika tenga kwa mikono miwili na kulitikisa kidogo. Mtikiso huo ndio ninaoupenda kuliko yote. Analifanyia tenga pale Ilula, taratibu, kile ambacho barabara ingelifanyia kwa nguvu: matunda yanashuka, nafasi zinazibana, halafu anajazia. Tenga lisilotikiswa litajishusha lenyewe njiani, matunda yasuguane usiku kucha, yafike Dar na ngozi iliyochubuka. Lililobanwa kupita kiasi nalo litapasua yaliyo chini. Kati ya hayo mawili pana nafasi finyu sana, na anaipata kwa kiganja.

Mwisho ni usawa wa juu, na hapa ndipo roho yangu inapouma. Tenga lililopangwa vizuri huishia chini kidogo ya ukingo wa mbao, ili likipandiwa na jingine, mbao zibebe mbao. Lakini mnunuzi hutaka lumbesa: tenga lenye kilima juu, kilichoshikiliwa kwa vijiti na kamba. Wakala wa Vipimo wamepambana nayo miaka mingi, na sababu inayosemwa zaidi ni kwamba mkulima anapunjwa. Ni kweli anapunjwa. Lakini nyanya nazo zinapondwa. Kile kilima ndicho kinachopokea tenga la juu yake, kwa hiyo sehemu ya ile "nyongeza" inafika ikiwa mchuzi. Mtu aliyetumia asubuhi nzima kulinda kila tunda analazimika kumalizia kazi yake kwa kuiharibu, na analijua hilo wakati anafunga kamba.

Gari huondoka jioni, kwa sababu usiku una baridi. Kuna kona za Kitonga zinazoinamisha mzigo wote upande mmoja, kisha Ruaha Mbuyuni, kisha matuta ya hifadhi ya Mikumi. Utingo anayejali hupanga matenga pembe juu ya pembe na kuacha turubai na upenyo wa hewa kwa mbele. Alfajiri wapo sokoni Ilala, Dar, makuli wanashusha, na hapo utamkuta fundi wa pili: mama anayefungua tenga na kulichagua upya. Yeye hasomi rangi tu. Anabonyeza kwa ncha ya kidole, kwa sababu jeraha la kuangushwa halionekani siku ileile, hujitokeza baadaye kama ulaini chini ya ngozi nzima. Ngumu zinakwenda kwenye mafungu ya kesho, laini zinauzwa leo kwa sado, na masalo anayawekea mama ntilie ambaye atayapika kabla ya saa sita. Kwa mikono yake, karibu kila tunda linapata siku yake na mlaji wake.

Mwaka 2014, huko Malabo, viongozi wa Afrika waliahidi kupunguza kwa nusu upotevu wa mazao baada ya mavuno ifikapo 2025. Mwaka 2019, FAO ilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na duka, na kwa matunda na mboga ni zaidi ya asilimia 20. Mazungumzo yanayofuata huwa ya vyumba vya baridi na kreti za plastiki. Nazitaka kreti hizo: ndani ni laini, zinaoshwa, na zimeundwa zibebane zenyewe bila kugusa mzigo. Shida yake kubwa ni kuzirudisha zikiwa tupu kutoka Dar, na mwenye Fuso hatafanya hivyo bure. Chumba cha baridi nacho kinataka ujuzi, maana nyanya ya kijani ikiwekwa chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa haitaiva vizuri tena.

Kama ningeambiwa nichague pa kuanzia, ningeanza na malipo. Mpangaji mara nyingi hulipwa kwa idadi ya matenga anayojaza, kwa hiyo anayekimbia anamshinda anayetikisa. Mnunuzi wa Ilala akiweka alama kwenye matenga ya kila mpangaji, akahesabu yaliyofika salama na kurudisha nyongeza ya shilingi kadhaa kwa kila moja, simu ya mkononi inatosha kuituma Ilula siku hiyohiyo.