Mgeni na Kigoda: Kisasili cha Milansi na Tajiriba ya Mwanafunzi wa Ufipa katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Ikisiri

Nathari ya Kiswahili ina wasafiri wengi waliokwenda ng'ambo kutafuta elimu au maarifa. Hata hivyo, mara nyingi husimulia njia ya kwendea na siku ya kurudi, huku miaka ya chuoni ikipitwa kwa sentensi chache. Makala haya yanachunguza kimya hicho kwa kutumia kisasili cha Wafipa kuhusu wageni waliofika Milansi wakati mfalme hayupo. Hoja kuu ni kwamba mwanafunzi wa Ufipa katika chuo kikuu cha Marekani hawezi kueleweka kwa jozi ya "nyumbani" na "ugenini" peke yake. Lugha anayoiwakilisha huko, yaani Kiswahili, nayo ni mgeni katika uwanda alikozaliwa. Kisasili cha Milansi kinatoa njia ya kusoma hali hiyo, kwa kuwa kinauliza nani ameketi kigodani, nani alimpisha, na mwenye nyumba alibaki na nini.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1931 Martin Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata kilichapishwa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kayamba hakwenda kama mwanafunzi, lakini anwani ya kitabu inadokeza mwelekeo ambao usimulizi wa safari za ng'ambo umeendelea nao: msafiri huona, hutenda, kisha hurudi kuwaarifu wenzake. Uzito wa masimulizi uko katika kurudi na habari.

Mwelekeo huo unaonekana, kwa namna tofauti, katika kazi za baadaye. Katika Mbali na Nyumbani (2013), Adam Shafi anasimulia jinsi kijana alivyoondoka Unguja kutafuta elimu ng'ambo, na njia yenyewe, pamoja na mipaka, vituo na wafadhili wa dharura, ndiyo inayobeba kitabu. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, Madhubuti amesomea Urusi, lakini msomaji anakutana naye kama kijana aliyerudi na kukataa manufaa ya mamlaka ya babake. Urusi ni chanzo cha msimamo wake. Si mahali panapoishiwa ndani ya riwaya. Kazi ya kwanza inakazia kwenda na ya pili inakazia kurudi. Katikati kuna pengo, nalo ndilo linalohusu makala haya.

Pengo hilo halitokani na uhaba wa watu wenye jambo la kusimulia. Wasomi na waandishi wengi wa Kiswahili wameishi katika vyuo vikuu vya Marekani. Euphrase Kezilahabi alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985. Walibora alisoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Gabriel Ruhumbika amefundisha kwa miaka mingi Georgia. Swali la kihakiki ni kwa nini tajiriba hiyo haikuzaa riwaya ya kampasi ya ughaibuni yenye nafasi kubwa katika fasihi ya Kiswahili, na ni chombo gani kinachoweza kutusaidia kuisoma inapojitokeza kwa sura nyingine.

2.0 Kisasili cha Milansi

Chombo kinachopendekezwa hapa kinatoka Ufipa, uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Masimulizi ya Wafipa, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyakusanya na kuyafafanua kuanzia miaka ya 1960, yanaeleza kwamba mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni na kuanzisha utawala wa Milansi. Baadaye, mfalme wa Milansi akiwa mawindoni, walifika wanawake wageni kutoka mbali. Mke wa mfalme ndiye aliyewapokea, na kigoda cha utawala kikaishia mikononi mwa kiongozi wao. Mfalme aliporudi hakuwafukuza. Utawala wa nchi ukawa wa ukoo wa wageni hao, Watwaci, ambao baadaye uligawanyika katika tawala mbili za Nkansi na Lyangalile. Milansi ikabaki kwa mwenyeji, pamoja na dhima ya kimila juu ya watawala wapya.

Willis alisoma kisasili hiki kama maelezo ya muundo wa jamii: kichwa na kiuno, mamlaka na uzazi, wenyeji na waliokuja. Kwa mhakiki wa fasihi, mambo matatu ya usimulizi yanastahili kutazamwa zaidi. Kwanza, tukio kuu linatokea mwenyeji akiwa hayupo. Pili, kigoda hakinyakuliwi kwa vita. Kinatolewa na aliyeachiwa nyumba. Tatu, mwisho wa kisa si ushindi wa upande mmoja. Ni mapatano: mgeni anatawala, mwenyeji anabaki na kitu ambacho mgeni hana uwezo wa kujipa. Masimulizi ya kawaida ya ughaibuni humjaribu mgeni peke yake, yakiuliza iwapo atavumilia, atapotea au atarudi salama. Kisasili cha Milansi kinamjaribu mwenyeji pia.

3.0 Mwenyeji Asiyekuwapo

Achukuliwe mwanafunzi wa kubuni anayetoka Sumbawanga kwenda kusoma Wisconsin. Jambo la kwanza ambalo masimulizi ya ughaibuni humpa mhusika wa aina hii ni baridi. Motifu hiyo ni ya pwani zaidi kuliko ya bara. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa iko katika mwinuko unaokaribia mita 1,800, na mwezi Juni na Julai watu wa Sumbawanga huvaa masweta na makoti asubuhi na jioni. Theluji ya Madison ni kali kuliko chochote anachokijua mwanafunzi huyu, lakini kwake ni tofauti ya kiwango. Mwandishi atakayemwanzishia kisa kwa kutetemeka uwanja wa ndege atakuwa ameazima mwili wa mhusika wa Unguja au Dar es Salaam.

Tofauti ya aina iko katika mapokezi. Chuo kikuu cha Marekani humpokea mgeni kwa utaratibu ulio wazi: kuna ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, juma la kuwaelekeza wapya, fomu za viza, ramani ya majengo. Kinachokosekana ni mwenyeji. Wanaoishi bwenini ni vijana waliotoka kwao, nao wataondoka baada ya miaka minne. Mwalimu anaitwa kwa jina lake la kwanza na hana umri wa kuamkiwa. Anayeulizwa hali njiani anatarajiwa kujibu kwa neno moja huku akiendelea kutembea. Kwa mtu aliyelelewa katika jamii ambamo kusalimiana ni kazi inayohitaji kusimama, hali hii haisomeki kama ukatili. Inasomeka kama nyumba ambayo mwenyewe yuko mawindoni na aliyeachiwa, yaani ofisi, anagawa viti kwa wema na kwa orodha.

Hapa pia panapatikana jibu la sehemu kwa swali la pengo. Riwaya ya Kiswahili imezoea kujenga mgogoro kati ya watu wanaodaiana: baba na mwana, mtawala na raia, mke na wakwe. Katika Kichwamaji (1974), Kezilahabi hakuhitaji kumvusha Kazimoto bahari ili kumfanya mgeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitosha, kwa sababu kijijini walikuwapo watu wenye haki ya kumdai na kushangazwa naye. Kampasi ya ng'ambo inamwondolea mhusika wadai wake, na pamoja nao inamwondolea mwandishi msuko aliouzoea. Haishangazi kwamba baada ya Madison, Kezilahabi alichapisha Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo msafiri hupita katika mandhari yasiyo na ramani na kukutana na watu wasiomdai ujamaa. Kazi hizo huhusishwa, kwa haki, na tasnifu yake kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Zinaweza pia kusomwa kama umbo ambalo miaka ya ugenini ilipata pale msuko wa kawaida uliposhindwa kuibeba. Usomaji huu hauthibitishi kwamba Nagona ni Madison. Unadai tu kwamba upweke wa msafiri huyo una historia, si falsafa peke yake.

4.0 Kigoda cha Dakika Hamsini

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki mara nyingi hupata kazi ya kufundisha Kiswahili. Wisconsin ina idara iliyoanzishwa mwaka 1964 ikiwa idara ya lugha na fasihi za Kiafrika, na vyuo vingine vingi vya Marekani vina madarasa ya Kiswahili yanayotegemea wasaidizi wa aina hii. Upo pia mpango wa Fulbright unaowaleta walimu vijana kwa mwaka mmoja wa masomo ili wafundishe lugha yao na kusoma. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, ambaye kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa muhula, kazi hii ni karo na chakula.

Kwa usimulizi, darasa hilo ni mahali penye utajiri. Somo la kwanza huwa ni salamu. Mtu ambaye nje ya mlango hapati wa kumwamkia, ndani yake anawafundisha vijana wa miaka 19 kusema shikamoo na kungoja marahaba. Kwa dakika hamsini mgeni ameketi kigodani. Yeye ndiye mwenye lugha, yeye ndiye anayesahihisha, na wenye nchi ndio wanaobabaika.

Lakini kigoda hicho ni cha nani? Mwanafunzi wa Ufipa amezaliwa katika Kifipa. Kiswahili kilifika uwandani kwa misafara ya biashara, kwa misheni, kwa serikali na kwa shule. Tangu 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, kabla ya Kiingereza kushika nafasi hiyo sekondari. Kwa hiyo mtu huyu amekwisha kubadili kigoda mara mbili kabla ya kupanda ndege. Anaposimama Madison na kuambiwa aeleze "utamaduni wake" kwa Kiswahili, anauwakilisha uwanda wake kwa lugha ambayo huko nayo ilikaribishwa na mtu aliyeachiwa nyumba. Uhakiki wa Kiswahili umezoea kukilaumu Kiingereza kwa kuketi mahali pa wengine. Kisasili cha Milansi kinaugeuzia uhakiki huo swali lilelile.

5.0 Chuma cha Ufipa Huko Florida

Kigoda kingine ni cha maarifa yenyewe. Mwaka 1995 Mtanzania Bertram Mapunda alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Florida tasnifu ya uzamivu kuhusu akiolojia ya ufuaji chuma kusini magharibi mwa Tanzania, na utafiti huo ukazaa baadaye kitabu kuhusu ufuaji chuma wa Wafipa kilichochapishwa Kampala mwaka 2010. Mwaka 1997 Kathleen Smythe, Mmarekani, aliwasilisha Wisconsin tasnifu kuhusu utoto na wamisionari katika Nkansi. Wawili hao walipishana njiani. Mmoja alitoka Tanzania akaenda chuo cha Marekani, na mwingine alitoka chuo cha Marekani akaja Ufipa. Tasnifu zote mbili zikaishia kwenye lugha moja na rafu za aina moja.

Ni rahisi kusimulia jambo hili kama upotevu. Kisasili kinazuia wepesi huo, kwa kuwa ndani ya maandishi ya Kiingereza kuhusu chuma cha Ufipa kuna maneno ambayo hayakupisha. Tanuri refu la kuyeyushia mawe ya chuma, lililovuta hewa bila mivukuto, linaitwa ilungu, kwa wingi malungu. Tanuri dogo la kusafishia chuma kilichotoka humo linaitwa kintengwe, kwa wingi vintengwe. Mtafiti wa Florida, wa Oxford au wa Dar es Salaam analazimika kuyatumia, maana hakuna neno la Kiingereza wala la Kiswahili linalotosha. Hii ndiyo Milansi ndani ya nchi ya Watwaci: eneo dogo ambalo mgeni analizunguka bila kulimiliki, na ambalo bila idhini yake maelezo hayasimiki.

Hata hivyo, mapatano ya Milansi yana pande mbili. Mwenyeji alibaki na dhima, si kumbukumbu tu. Maneno mawili yaliyosalia katika tasnifu hayatoshi ikiwa mzee aliyeyatamka, au mjukuu wake aliye shuleni Sumbawanga, hawezi kuisoma sura ambamo yamewekwa. Idhini isiyoweza kunyimwa si idhini.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba kimya cha nathari ya Kiswahili kuhusu maisha ya kampasi ya ng'ambo kinatokana kwa kiasi fulani na msuko unaohitaji wadai, na kwamba kisasili cha Milansi kinatoa msuko mwingine, wa kigoda kinachopishwa na mwenyeji asiyekuwapo. Ulinganisho huu una mpaka wake. Watwaci walitawala, ilhali mwanafunzi hatawali chochote na viza yake ina tarehe. Lakini mpaka huo unaonyesha vizuri zaidi kwamba katika safari moja mtu huyohuyo anaweza kuwa mgeni bwenini, mwenye kigoda darasani, na mtoto wa nyumba ambayo vigoda vyake vimekaliwa na lugha mbili.

Riwaya itakayomsimulia mtu huyo bado inangojewa. Itakapoandikwa kwa Kiswahili, itakuwa na wajibu ambao Kayamba hakuwa nao mwaka 1932, yaani kukiri kwamba lugha inayosimulia nayo ilifika ikiwa mgeni, ikapishwa, na inadaiwa mapatano. Mfalme aliporudi kutoka mawindoni alikuta nyumba yake ina watu wengine. Kisa kinamkumbuka kwa sababu alijua ni kitu gani cha kutokukitoa.