Bastola Kuukuu na Haki ya Kutu

Ipo sanaa moja ambayo hapa kwetu Boko haina fundi wala mteja, nayo ni ile ya kununua bastola kuukuu iliyoharibika na kuifufua. Mafundi wengine tunao wa kila namna kando ya Barabara ya Bagamoyo: wa kuchomelea mageti, wa kunyoosha bodi za magari, wa cherehani na wa pampu za maji. Lakini bastola, hata ikiwa imeliwa na kutu, si cherehani. Sheria ya mwaka 1991, na baada yake Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hazikumwachia raia nafasi ya kumiliki silaha ya moto pasipo leseni. Aliyeiokota shambani aipeleke polisi. Kwa hiyo sanaa hii naifahamu kwa kusoma na kwa kutazama picha za kazi za Waingereza na Wamarekani. Hata hivyo, kwa kuwa silaha za aina hiyo zilipita katika ardhi yetu, nadhani tunayo haki ya kuihakiki.

Tuchukue mfano wa Webley Mark VI. Jeshi la Uingereza liliipokea rasmi mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni bastola ya risasi sita, nzito kupita kilo moja, nayo hukunjuka katikati. Ukiikunjua, maganda ya risasi hujisukuma nje yenyewe. Ilikuwa silaha ya ofisa zaidi kuliko ya askari wa kawaida, ambaye alibeba bunduki. Zilipopitwa na wakati, nyingi ziliuzwa Marekani, ambako risasi zake zilikuwa adimu. Wafanyabiashara wakakata kisogo cha silinda ili ipokee risasi za bastola za jeshi la Marekani. Tatizo ni kwamba risasi hizo zina msukumo mkubwa kuliko ule ambao chuma cha Webley kilikusudiwa kuustahimili. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hutazama kwanza nyuma ya silinda. Kisha huangalia kama silinda inajifunga sawasawa nyundo inapovutwa, kama ndani ya mtutu mna vishimo, na kama namba za sehemu zake zinalingana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: bastola inayong'aa mno sokoni ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko zote.

Hadi hapo sina ugomvi na wapenzi wa kazi hii. Nawasifu. Fundi wao mzuri ana subira ambayo wengi wetu tumeipoteza. Huloweka chuma katika mafuta kwa siku kadhaa badala ya kukigonga. Hulichonga bisibisi lake mpaka lienee barabara katika mfuo wa skrubu, ili asiuharibu. Huondoa kutu nyekundu inayoendelea kula, na huiacha ile nyeusi iliyokwisha kutulia. Huo ni uungwana wa kazi, na mtu yeyote anayeshika kitu kilichoundwa na mwenzake aliyekufa angefaa kuwa nao.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye msasa. Wengi hawaridhiki kuizuia kutu. Wanataka ionekane kana kwamba haikuwahi kuwako. Wanasugua mpaka vishimo viishe, kisha wanairudishia chuma ule weusi wake unaoelekea buluu, kama siku iliyotoka kiwandani. Matokeo huvutia jicho kwa dakika moja. Ukitazama tena unaona kwamba kona zimekuwa duara, na chapa zimefifia: ule mshale wa serikali ya Uingereza, alama za wakaguzi, na mwaka wa kuundwa. Yaani fundi amefuta maandishi ili kuusafisha ukurasa. Wakusanyaji wenyewe wanalijua jambo hili, ndiyo maana Webley iliyochujuka lakini haijaguswa huthaminiwa kuliko iliyong'arishwa upya.

Lakini hasara hiyo ya chapa ni ndogo mbele ya nyingine. Kitu kinapofufuliwa, msomaji, huwa tunachagua kumbukumbu ya nani ifufuliwe. Vita vya Afrika Mashariki vilivyoanza mwaka 1914 na kumalizika kwa Wajerumani kusalimisha silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, havikupiganwa kwa bastola. Vilibebwa vichwani na mabegani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Hao hawakuwa na bastola ya kuachia wajukuu. Kilichobaki kwao ni jina la kikosi, ambalo midomo yetu ililigeuza likawa Kariakoo, na leo tunalitamka tukienda kununua vitenge. Bastola ya ofisa ikisuguliwa ikang'aa, ukumbusho wa aliyeamuru unazidi kuwa mzuri. Wa aliyeamriwa hauna hata kitu cha kusugua.

Kwa upande wa pili wapo waliofanya kinyume kabisa. Nchini Msumbiji, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1992, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kubadilisha silaha kwa majembe, baiskeli na cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wakapewa vipande. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, aliunda kiti cha enzi kutokana na bunduki hizo. Sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuharibu historia. Mimi nasema Kester ameihifadhi kuliko fundi wa msasa. Mtutu bado unaonekana kuwa ni mtutu, na kitako ni kitako. Unaweza hata kutambua kwamba silaha zile zilitoka Ureno, Urusi na Korea ya Kaskazini, na kwamba hakuna hata moja iliyoundwa Msumbiji. Kasoro yake moja ni mahali kilipo: aliyekimbizwa na bunduki zile hukuta kiti chake kiko mbali na kwao.

Jambo hili linatuhusu hata sisi tusio na leseni. Katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, ila bunduki za zamani zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliweza kuruhusiwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobore kukaa muda mrefu mikononi mwa wawindaji wetu, wakati waliotutawala walikuwa na silaha za kisasa. Gobore kuukuu mara nyingi lina kitako kilichofungwa kwa waya au ngozi, na nyundo iliyofuliwa na mhunzi wa kijijini. Fundi wa kufufua angeviita vitu hivyo uchafu na kuviondoa ili arudishe umbo la asili. Kumbe waya ule ndiyo saini pekee ya mhunzi yule.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kitu cha kale kizuiwe kisioze, kipakwe mafuta, kiwekwe pakavu, na kazi iishie hapo. Anayetaka kukitumia zaidi na akikate kwa uwazi kama Kester. Wanaotunza makumbusho yetu, na wenye vitu vya mababu majumbani, wangefanya vyema kuuficha msasa na kopo la rangi mpaka wamemaliza kukisoma walichokishika.