Siku Sita: Baina ya Dhahiri na Sitiari

Neno "siku" ni jepesi mdomoni, lakini limewagawa wasomaji wa vitabu vitukufu kwa karne nyingi. Surat Al-A'raf (7:54) yaeleza kuwa mbingu na ardhi ziliumbwa katika siku sita. Kitabu cha Mwanzo nacho chaipanga kazi hiyo siku baada ya siku. Wako wanaozihesabu siku hizo kwa kuchomoza na kuchwa kwa jua, na wako wanaoziona kuwa ni sitiari ya zama ndefu.

Wataalamu wa balagha wana kanuni inayofaa kuanzia: neno halihamishwi kutoka maana yake ya asili ila kwa karina, yaani dalili iliyomo katika maneno yenyewe au mazingira yake. Karina hiyo ipo. Katika Mwanzo, jua huumbwa siku ya nne. Basi siku tatu za awali zilipimwa kwa nini? Mapema katika karne ya 5, Augustine wa Hippo alilitafakari swali hilo katika kitabu ambacho jina lake laahidi tafsiri ya dhahiri, na humo humo akaona kuwa siku hizo si kama zetu. Surat Al-Hajj (22:47) nayo yailinganisha siku moja kwa Mola na miaka elfu. Al-Ma'arij (70:4) yataja siku ya miaka elfu hamsini.

Hata hivyo, wanaozigeuza siku sita kuwa zama sita za wanajiolojia hawajaondoka kwenye hesabu. Wamebadilisha kipimo tu. Karina ya Mwanzo yaelekeza kwingine. Siku ya kwanza ni nuru, ya nne ni mianga. Ya pili ni anga na maji, ya tano ni ndege na samaki. Ya tatu ni nchi kavu, ya sita ni wanyama na binadamu. Msomaji aliyezoea ukwapi na utao hatashangaa: nusu ya kwanza yajenga makao, ya pili yaleta wakaazi. Huo ni mpango wa utungo, na utungo hauwi uongo kwa kuwa na mizani.

Hatari ni kusoma bila karina. Anayeng'ang'ania dhahiri huku dalili ikimkataza hulifanya Andiko lijipinge. Anayeona sitiari kila mahali aweza kesho kuifanya sitiari hata amri ya kutodhulumu mayatima. Nidhamu ile ile inayomzuia mhakiki asimtilie mshairi maneno mdomoni ndiyo impasayo mbele ya Andiko.