Hassan wa Gurnah na Hoja ya Asiyekuwepo

Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wanafunzi wetu hapa Kibiti hutuuliza: riwaya zinazogusa matamanio ya mwanamume kwa mwanamume zina faida gani kwa mtafuta elimu? Tumekisoma kitabu chake By the Sea, kilichotoka mwaka 2001, na tunajibu kama ifuatavyo.

Hussein, mfanyabiashara kutoka Bahrain, anakaribishwa Zanzibar katika nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud. Anamkopesha mwenyeji wake fedha kwa rehani ya nyumba, na Hassan, kijana wa nyumba hiyo, anamzawadia meza ndogo ya mpingo. Mwishowe Hassan anamfuata mgeni ng'ambo, na nyumba nayo inapotea.

Hukumu ya liwati katika sharia yetu inajulikana, wala mwandishi hakuandika kuijadili. Anachoonyesha ni namna matamanio yanavyopita mlango mmoja na zawadi na deni, huku wakubwa wa nyumba wakinyamaza. Kwa hilo, kitabu kina faida.

Hata hivyo, tuna lawama moja. Wanaosimulia ni wawili: Latif, mdogo wake Hassan, na Saleh Omar, aliyeichukua nyumba. Hassan mwenyewe hasimulii. Je, alipenda, alirubuniwa, au alikimbia mambo ya nyumbani? Baada ya miaka mingi anarejea, lakini anarejea kama mdai wa mali tu. Moyo wake haufunguliwi. Mafakihi wamesema kwamba asiyekuwepo hubaki na hoja yake. Hata sisi Mashafii, tunaojuzisha kumhukumu asiyekuwepo kwa ushahidi, tunamsikiliza arudipo.

Tusimlaumu Gurnah peke yake. Kijana akiondoka katika kijiji cha delta ya Rufiji, akashuka Nyamisati na asirudi, sisi barazani humtungia kisa kabla maji hayajatulia nyuma ya boti. Tunasahau kwamba Surat An-Nur imemwekea adhabu anayewatuhumu watu uchafu bila ya mashahidi wanne.

Basi imamu akiletewa habari ya kijana wa namna hii, swali lake la kwanza liwe: yeye mwenyewe amesema nini? Na kama hakuna ajuaye, anyamaze, na awanyamazishe wengine.

Wallahu a'lam.