Mkaguzi Asiyeonekana

Sehemu ya nne ya Fullmetal Alchemist: Brotherhood nimeitazama mara tatu, na mara zote nimeshindwa kula baadaye. Anime hiyo ya mwaka 2009, iliyotokana na manga ya Hiromu Arakawa, ina vita na mauaji tele. Lakini kinachonikosesha usingizi ni jambo la kiofisi: Shou Tucker anakumbushwa kwamba siku ya tathmini yake ya mwaka imekaribia.

Katika nchi ya Amestris, alkemia huitwa sayansi, ingawa machoni petu ni uchawi wenye leseni. Serikali humpa mwenye leseni saa ya fedha na fungu la utafiti, ikimkataza kutengeneza dhahabu na kuumba binadamu. Kila mwaka anapimwa; akishindwa, ananyang'anywa. Tucker alipata leseni kwa kuunda kimera, yaani mnyama wa kuunganishwa, aliyeweza kusema. Alisema jambo moja tu: kwamba anataka kufa. Kisha akasusa chakula mpaka akafa.

Watazamaji wengi humalizia hasira kwa Tucker, na anastahili. Kimera wa kwanza alikuwa mkewe. Wa pili ni binti yake, Nina, aliyeunganishwa na mbwa wao. Mimi namtafuta mtu mwingine, ambaye hatuonyeshwi hata kivuli chake. Kuna aliyepokea taarifa ya kimera yule wa kwanza, akasoma alichosema, na bado leseni ikatoka.

Edward Elric, kijana mdogo, anaukamilisha ukaguzi huo kwa maswali mawili. Leseni uliipata lini? Mkeo aliondoka lini? Jibu ni moja: miaka miwili iliyopita. Maswali hayo yasingemgharimu ofisa yeyote hata dakika tano.

Niliwahi kufundisha shule ya msingi. Tuliposikia wakaguzi wanakuja, tulikesha tukiandika maandalio ya vipindi tusivyofundisha. Yangu yalisifiwa. Nyuma ya darasa alikaa mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma jina lake mwenyewe. Hawakumwuliza kitu, nami sikumtaja. Sijifananishi na Tucker. Ila naijua hofu ya faili, na najua jinsi inavyokufundisha kumwona mtoto kama kitu kinachoweza kukuharibia siku.

Ndiyo maana nina ugomvi na hadithi hii inavyoendelea. Baadaye inafichuka kwamba juu ya serikali ya Amestris kuna njama kubwa ya viumbe wasio binadamu. Njama hiyo imesukwa vizuri, lakini inatupa nafuu tusiyostahili, kana kwamba ofisi haiwezi kuoza mpaka shetani akae kileleni. Sehemu ya nne inajua zaidi. Inajua kwamba mtu wa kawaida, mwenye kalamu na foleni ya mafaili, anatosha.

Ukitazama tena, acha kidogo uso wa Tucker. Sikiliza sauti ya kimera anapomwita Edward kaka. Kilichotakiwa kwenye tathmini ni mnyama anayesema, naye anasema. Kwa vigezo vya ofisi, Nina amefaulu.