Ujasiri Pasipo Kauli: Tahakiki ya Programu ya Ujasiriamali katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Neno ujasiriamali limeundwa kwa kuambatanisha maneno mawili, ujasiri na mali. Uundaji huu si suala la kimofolojia pekee. Neno ambatani hubeba ndani yake nadharia ndogo ya jambo linalolitaja, na nadharia iliyomo humu ni kwamba mali humjia mtu aliye jasiri. Katika lugha hiyohiyo, miongoni mwa wafanyabiashara wa Kariakoo na wa magulio ya wilayani, ipo istilahi nyingine yenye nadharia tofauti kabisa, nayo ni mali kauli: bidhaa inayochukuliwa leo kwa ahadi ya mdomo na kulipiwa baada ya kuuzwa. Katika neno la kwanza mali inamfuata mtu mmoja mwenye moyo mgumu. Katika la pili mali inafuata neno ambalo mtu amempa mwenzake, na mwenzake akalikubali.

Tahakiki hii inajenga hoja kwamba programu ya ujasiriamali katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi imesimikwa juu ya nadharia ya neno la kwanza, na kwamba kuiacha nadharia ya neno la pili nje ya mtaala kunamwandaa mwanachuo kwa biashara ambayo haipo kule anakokwenda kuishi. Matini zinazohakikiwa ni sera na historia ya vyuo hivyo, umbo la kawaida la muhtasari wa somo lenyewe, na msamiati wa biashara unaotumiwa na wananchi. Riwaya mbili zimeguswa kwa ufupi, kwa kuwa zinaonesha jinsi mtu mwenye mali alivyofikiriwa wakati vyuo hivi vinazaliwa.

2.0 Chuo kilichozaliwa kabla ya mjasiriamali

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya huko. Asili ya wazo hilo ni Denmark, katika fikra za N. F. S. Grundtvig, na chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa mashambani. Wazo lilipofika Tanzania lilikuta nyumba imekwisha kujengwa. Elimu ya Kujitegemea, andiko la mwaka 1967, lilikuwa limetaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kupanga, kuamua na kuyaona matokeo ya kazi yao. Mwanachuo alitarajiwa kutoka kijijini, kujifunza stadi, na kurudi kijijini.

Ni muhimu kutambua kwamba katika mpango huo biashara haikuwa na mhusika. Kulikuwa na mkulima, fundi na kijiji. Hakukuwa na mchuuzi. Fasihi ya kipindi hicho inathibitisha ombwe hilo kwa njia yake. Utubora wa Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, anaacha kazi ya mshahara na kuelekea shambani, na utu wake unapimwa kwa jinsi asivyoishi kwa ajili ya fedha. Tumaini wa Kezilahabi, katika Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya iliyotoka mwaka uleule wa 1975, anajenga mali ya shamba kubwa, na mali hiyo inapogongana na siasa ya Ujamaa anaua mtu na kuhukumiwa kunyongwa. Mmoja amejitenga na mali, mwingine ameangamia nayo. Anayekosekana katika riwaya zote mbili kama mhusika wa kuigwa ni yule wa kawaida kabisa: mtu anayechukua mali ya mwenzake, akaiuza, akarudisha deni, akachukua tena.

Mwaka 1990 vyuo vilihamishiwa katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, na katika muongo uliopita vikarudishwa katika wizara ya elimu. Kati ya nyakati hizo mbili uchumi ulifunguliwa, na neno mjasiriamali likaja kuwa jina la karibu kila asiye na mwajiri. Desemba 2018 neno hilo lilichapwa kwenye kadi: vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilitolewa kwa shilingi 20,000 kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2021 machinga wengi waliondolewa pembezoni mwa barabara. Jina la heshima halikumlinda mwenye nalo, na mhakiki wa lugha hana budi kujiuliza ni ujasiri gani aliotakiwa kuwa nao zaidi ya ule aliokuwa nao tayari.

3.0 Muhtasari na shujaa wake

Muhtasari wa somo la ujasiriamali kwa kawaida huanza na sifa za mjasiriamali: hujiamini, huthubutu, hakati tamaa, huona fursa. Msomaji wa tendi atalitambua umbo hili mara moja, kwani ni utambulisho wa shujaa kabla ya safari. Baada ya sifa hufuata wazo la biashara, uchunguzi wa soko, mpango wa biashara, kisha mtaji. Mtaji huja mwishoni na hutoka nje, kwa kawaida kama mkopo wa taasisi. Mfuatano huu haukubuniwa Tanzania. Mafunzo ya kuanzisha na kuboresha biashara yanayosambazwa na Shirika la Kazi Duniani, yaliyoathiri sana ufundishaji wa somo hili, yana chimbuko katika kazi ya chama cha waajiri wa Sweden ya miaka ya 1970. Kwa hiyo Sweden imechangia mara mbili, mara ya kwanza kupitia vyuo vya wananchi na mara ya pili kupitia kitabu cha waajiri, na michango hiyo miwili haijawahi kuketishwa meza moja.

Kiini cha udhaifu kimo katika mpango wa biashara. Ukihakikiwa kama utanzu wa maandishi, mpango wa biashara una msomaji mmoja aliyekusudiwa: mkopeshaji asiyemfahamu mwombaji. Kila sehemu yake, tangu maelezo ya mwombaji hadi makadirio ya miaka mitatu, ipo kwa sababu wawili hao hawajuani. Mwanachuo wa ushonaji huko Masasi au Nzega hana msomaji wa namna hiyo. Anayemkopesha anamjua yeye, anamjua mama yake, na anajua kama deni la mwaka jana lililipwa. Mwanachuo anafundishwa kumwandikia mtu asiyekuwepo, na anaachwa bila maneno mbele ya mtu aliyepo.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hoja ionekane. Fundi aliyemaliza chuo anachukua vitambaa vya sare za shule vyenye thamani ya shilingi 120,000 kwa mali kauli mwanzoni mwa Desemba, na anaahidi kulipa Januari 15. Anashona sketi 20 kwa bei ya shilingi 10,000 kila moja. Uzi, zipu na mahitaji mengine vinamgharimu 15,000. Kwa hesabu ya kitabu, mauzo ni 200,000 na faida ni 65,000. Mtahini atampa alama zote. Lakini shule zimefunguliwa, wazazi 10 wamelipa, na 10 wameomba wasubiriwe. Januari 15 fundi ana shilingi 85,000 mkononi na deni la 120,000. Amepata faida na amepungukiwa 35,000 kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo programu ilipaswa kuanza. Fundi anaweza kumwendea mwenye duka siku tatu kabla ya tarehe, akampa sehemu ya fedha, akamwonesha daftari la wanaodaiwa, na kuomba wiki mbili. Anaweza pia kukimbilia mkopo wa mtaani, ule ambao wananchi wenyewe wameuita kausha damu, alipe duka kwa siku iliyoahidiwa kisha aanze marejesho ya kila wiki yatakayomla cherehani. Njia ya pili ndiyo ya kijasiri. Mwenye kufuata sifa za ukurasa wa kwanza wa muhtasari, anayethubutu na asiyetaka kuonekana ameshindwa, ataichagua. Njia ya kwanza inahitaji stadi ambazo zinafundishika: kuandika deni siku linapozaliwa, kumfuata mdaiwa bila kumvunjia heshima, kutaja tarehe unayoweza kuitimiza, na kutokea kabla ya kutafutwa. Wanawake wa vikoba huzifanya stadi hizi kila juma mbele ya sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu.

Yapo pia masuala ya kalenda. Biashara ya sare ina Januari yake. Mtwara na Lindi fedha huonekana msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba. Muhula wenye ratiba moja nchi nzima huweza kumaliza somo la masoko wakati hakuna anayenunua kitu.

Mtetezi wa muhtasari anaweza kujibu kwamba mkopo wa taasisi si ndoto: tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kueleza mara kwa mara fedha zisizorejeshwa. Vikundi vilivyoundwa ili kupata mkopo havikuwa na kauli baina yao. Waraka ulikuwepo, neno halikuwepo.

4.0 Kauli haigawanywi sawasawa

Haitoshi kuisifu mali kauli. Mwenye duka anayekopesha hupandisha bei, na fundi anayemtegemea duka moja hawezi kubishana naye. Zaidi ya hayo, kauli ni mali ya wale ambao jamii imewakubali, na hapa ndipo suala linapomgusa moja kwa moja mwanachuo wa vyuo hivi. Programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa vyuoni humo pamoja na Karibu Tanzania Organization, inawapokea wasichana walioacha shule, wengi wao kwa sababu ya ujauzito. Wanasoma elimu ya sekondari pamoja na stadi za kazi na ujasiriamali, na watoto wao wanatunzwa hapohapo chuoni. Msichana huyu hakukosa ujasiri hata siku moja. Alichopoteza kijijini ni kuaminiwa. Kumfundisha kujiamini ni kumrudishia kitu alichonacho, na kumwacha mlangoni mwa duka la vitambaa akiwa na cheti ambacho mwenye duka hakiulizii.

Chuo kina jina ambalo msichana huyo hana. Kinanunua mbao, uzi na mbolea katika mji uleule. Kinadaiwa na kinalipa. Karakana yake inapokea oda za madawati na sare, lakini daftari la oda hizo hukaa ofisini, na mwanachuo huona cherehani bila kuona bili. Hatua ya kwanza ya kuiendeleza programu ni kulishusha daftari hilo darasani. Hatua ya pili ni chuo kumtambulisha mwanachuo kwa mwenye duka na kusimama mdhamini wa deni dogo, la uzi na zipu kabla ya jora zima, katika muhula wa mwisho, ili atakapoondoka awe na historia ya kulipa yenye jina lake. Upimaji nao utabadilika: mahali pa makadirio ya miaka mitatu mtahini atakuta kurasa chache za daftari, zenye saini ya aliyekopesha kila deni lilipolipwa, na ataweza kutembea hadi dukani kuuliza.

Ugumu wa pendekezo hili ni wa kiutawala, na haufai kufichwa. Mwanachuo akishindwa kulipa, ni lazima fungu litakalofidia lijulikane mapema, na mkuu wa chuo ajue ni madeni mangapi anaweza kuyasimamia kabla jina la chuo nalo halijaanza kukataliwa madukani. Kiasi hicho kitatofautiana kati ya chuo na chuo, kwa kuwa kinategemea ukubwa wa soko la mji na mwenendo wa chuo chenyewe katika kulipa madeni yake.